Redio ya Kuchaguliwa kwa Vidole

Rhotia, 12 Mei 2024

Mwanangu Nashipai,

Leo ni tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tano, na ni miaka arobaini tangu niondoke huko kwetu Enguserosambu. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wote wa upande wangu, nami nikashuka kwa miguu kutafuta kibarua kwa wakulima. Nilisema nitarudi mvua zikinyesha. Mvua zimenyesha mara nyingi.

Barua yako nimeipata kwa konda wa basi la Wasso. Nimeisoma mara mbili ili nisikosee. Unasema macho ya baba yako, mdogo wangu Supeet, yanazidi kufunga, na bado kila asubuhi anaingia msituni na ng'ombe. Huko mabondeni simu haishiki mtandao. Ameshapotea mara moja, na wazee wamesema wazi: akipotea tena, ng'ombe watapelekwa kwa jamaa wengine wa ukoo, naye atakaa nyumbani kama mgonjwa. Naijua hukumu hiyo. Ukimwondolea Supeet ng'ombe, utakayebaki naye ni mtu mwingine.

Kwa hiyo unataka redio za upepo mbili, zile za kushika mkononi, zilizokwisha kutumika, moja ya kwake na moja ya kwako pale shuleni unakofundisha. Jana nilikwenda Karatu kwa Emilian, fundi aliye nyuma ya soko, anayenunua vifaa chakavu vya magari ya watalii. Alizipanga mezani, nyeusi, zimechubuka pembe. Nilizikagua kama tunavyokagua ng'ombe mnadani, ambapo mjinga hutazama rangi na mwenye akili hutazama kwato.

Emilian alinisukumia moja yenye kioo kinachong'aa. Niliikataa, kioo ni cha mwenye macho. Nyingine sauti yake ilikuwa nzuri ajabu, lakini betri imevimba, na alikiri kwamba betri za aina hiyo hazipatikani tena. Mwishoni akatoa jozi fupi, nene, isiyo na kioo. Juu kuna kitufe cha kuzungushia chaneli, na kila ukizungusha kinagota, mgoto unausikia kwenye ncha ya kidole. Nikafumba macho nikajaribu. Nilikaa hivyo kwa muda, nimefumba macho dukani kwa mtu, mpaka nikasikia harufu ya majani ya msituni yaliyolowa, na nje jua lilikuwa kali. Emilian akaniuliza, "Mzee, unanunua redio au unaposa?"

Kabla sijachukua, nijibu. Supeet anashika fimbo kwa mkono gani siku hizi? Gumba lake bado lina nguvu ya kubonyeza kitufe na kukishikilia? Sikio lipi linasikia vizuri? Utachajia wapi? Na ulizia kibali cha kutumia masafa kabla hamjaziwasha.

Baba yako mkubwa,
Lekoko


Enguserosambu, 25 Mei 2024

Baba Mkubwa, shikamoo.

Fimbo anaishika kulia, kwa hiyo redio itakaa kushoto, na sikio zuri ni hilo hilo la kushoto. Gumba lina nguvu, muulize ndama yeyote. Nitachajia kwenye sola ya shule, mwalimu mkuu ameruhusu. Mambo ya kibali nimeyaulizia Wasso na nimeonyeshwa utaratibu. Chukua hizo fupi nene.

Siku hiyo hiyo tulipitia hospitali. Daktari alitueleza taratibu kwamba ugonjwa umekula mshipa wa jicho, na kilicholiwa hakirudi, dawa itachelewesha tu. Baba haoni tena pembeni. Amebakiwa na katikati, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ukuta. Alimuuliza daktari tundu lenyewe litafungwa lini. Daktari akatuandikia dawa.

Tulirudi kwa basi mpaka tukaiacha Wasso nyuma kabisa. Ndipo aliposema, nami nakuandikia kama alivyosema: "Mwambie Lekoko azilete mwenyewe. Nataka kumtazama usoni kabla tundu halijaziba."

Hata mimi sijawahi kukuona, Baba Mkubwa. Ninayo ile picha ya kipaimara cha binti yako Penina uliyoituma zamani, na humo umefichwa nusu na bega la padri. Mimi huwa nakuwaza kama nusu mtu.

Nakusubiri kwa heshima,
Nashipai


Rhotia, 16 Juni 2024

Mwanangu Nashipai,

Redio nimezichukua. Sikuziamini mezani, nilitaka kuzisikia porini, kwa hiyo nilipanda na moja hadi kilimani nyuma ya kanisa, na binti yangu Penina akashuka na nyingine kuelekea barabara ya lami. Alikuwa akinitajia anapopita. Anapita kwa jirani yetu Patrisi, wanapura maharage. Wanamuuliza kama siku hizi ameajiriwa polisi. Amefika kwenye mikaratusi. Sauti haikukatika hata alipoingia korongoni.

Kati ya neno na neno, redio ina mvumo mdogo, kama mvua inayonyesha kwenye nyasi za mtu mwingine. Mbele yangu, ng'ambo ya mashamba, msitu wa Ngorongoro ulikuwa umejifunika wingu, na nyuma ya wingu hilo, mbali kuliko inakofika redio yoyote ya mkononi, mpo ninyi. Sauti isiyo na mwili ni kitu cha ajabu. Haizeeki. Kwa muda niliona aliye kule chini si Penina bali mama yake, marehemu Hyasinta, msichana bado, anakatiza shamba lile lile ambalo sasa amelala ukingoni mwake. Nilisahau kujibu. Penina akauliza kama nimelala, nikamwambia nasikiliza.

Nazituma kwa basi pamoja na chaja zake na betri mbili za akiba. Usiikaze antena kupita kiasi, na Supeet asiishike redio kwa antena kama mtu anayeshika sungura. Chaneli ni mgoto wa tatu tangu mwanzo. Ukishapata, paka gundi kidogo ili kitufe kisihame.

Mwambie baba yako maharage yameiva na hatuna mikono ya kutosha ya kuvuna.

Lekoko


Enguserosambu, 7 Julai 2024

Baba Mkubwa, shikamoo.

Redio zilifika bila mkwaruzo mpya, lakini samahani kukwambia, ni mbovu.

Siku ya kwanza Baba alikwenda nayo hadi pale ng'ombe wanapolamba chumvi. Alinisalimia, nikaitikia, nikamsikia wazi mpaka nikaona aibu kwa furaha. Kisha akaanza kutoa habari, na hapo hapo ikaanza kukatika. Napata vipande: ng'ombe wame..., upande wa..., yule dume wa... Halafu mvumo. Namwita, hasikii. Jioni alirudi amenuna, akasema siku nzima alikuwa akitoa habari na binti yake hakumwitikia hata mara moja. Nikamwambia niliitikia kila neno. Tumejaribu tena na tena, karibu na mbali, nimebadilisha betri. Salamu zinapita. Habari hazipiti.

Tobiko, jirani yetu aliyehamia hapa baada ya wewe kuondoka, anatucheka. Anasema mzee wa Rhotia ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na kwamba ukikaa sana na wakulima unasahau hata kuangalia meno. Hilo silijali. Ninalojali ni kwamba wazee wengine wameanza kusema tusidanganyane na mashine. Ikiwa redio haisikiki, ng'ombe waondoke sasa, kabla hajapotea kweli.

Kuhusu maharage, nilimpa Baba ujumbe wako. Aliuliza tu kama huko Rhotia yanaiva mwaka mzima.

Nashipai


Rhotia, 18 Julai 2024

Mwanangu Nashipai,

Usimpe mtu ng'ombe. Redio ni nzima.

Emilian aliposikia alisema ni betri, na kwa siku kadhaa nilimwamini. Jana Penina alikuwa ananisimulia kisa cha ugomvi wa mpaka wa shamba huku tukipepeta, nami nikawa naitikia kama ninavyoitikia siku zote. Ghafla akaacha kupepeta, akasema, "Baba, wewe na hizo ee zako. Miaka yote hii na watu wa hapa, bado mtu hawezi kumaliza sentensi bila wewe kusema ee."

Nikaweka ungo chini.

Sisi tumefundishwa kwamba anayepewa habari hakai kimya. Mtu akisema ng'ombe wamekunywa, unasema ee. Akisema wameelekea juu, unasema ee. Ukinyamaza, umemwambia kwamba habari yake haina uzito, au kwamba yeye hana. Sasa sikiliza. Redio hizi ni njia moja nyembamba yenye miba pande zote, makundi mawili hayapishani. Ukibonyeza kitufe ili useme, sikio la redio yako linaziba. Baba yako anaposema, amebonyeza. Wewe nawe unabonyeza ili uitikie ee kila anapovuta pumzi. Naye akinyamaza kidogo asikie kama unaitikia, anakuta mvumo, anabonyeza tena. Mnakanyagana. Ninyi nyote wawili mmelelewa vizuri, na malezi hayo ndiyo yanayoua sauti. Penina na mimi hatukuliona kosa hilo kule kilimani kwa sababu mimi nilikuwa nimepotea mawazoni, nikasahau adabu.

Kwa hiyo toa kidole. Akisema, usiguse kitufe hata moyo ukikusukuma. Naye akimaliza aseme "nimemaliza", aachie. Hapo ndipo uitikie yote kwa mara moja.

Najua atakasirika. Mwambie maneno haya yametoka kwangu: kwenye redio, anayenyamaza ndiye anayesikia.

Lekoko


Enguserosambu, 4 Agosti 2024

Baba Mkubwa, shikamoo.

Inasikika. Toka msituni ndani kabisa, mahali ambapo simu inakuwa kipande cha kioo tu, namsikia mpaka anavyofuta pua.

Alikasirika kama ulivyosema. Alisema ni kama kutoa habari kwa ngozi iliyoanikwa. Siku za mwanzo, baada ya kila neno aliuliza, "Upo?" na mimi nauma midomo. Siku hizi ametulia, na anazungumza kirefu kuliko alivyowahi kuzungumza nyumbani. Lakini kuna jambo lazima nikueleze. Haniambii mimi. Anasema, "Lekoko, leo umande umechelewa kukauka." Anasema, "Lekoko, yule ng'ombe wa madoa ana mwendo wa mama yake." Nilimkumbusha kwamba redio hii haifiki Rhotia, haifiki hata nusu ya njia. Akanijibu kwamba hajawa mtoto. Anajua iko kwangu. "Lakini wewe ungeitikia," akasema. "Anayenyamaza namna hii ni yeye."

Ameniomba nimwandikie. Kuanzia hapa ni yeye, kwa Kimaasai chake, mimi natia kwenye Kiswahili tu.

Olalashe, ndugu yangu. Tundu sasa ni la sindano. Juzi nilimtazama beberu nikaona pembe moja. Mimi sikudai chochote. Mke wako alipofariki mimi sikuja, mvua ilikuwa imekata njia, na hukuniuliza. Basi hakuna wa kumuuliza mwenzake. Nataka tu kukutazama. Nikuone kama umenenepa. Wanasema wala maharage wananenepa tumbo na kukonda miguu. Nitacheka, halafu macho yafunge yakitaka. Unaogopa nini? Msitu haujakusahau. Mimi nauzunguka kwa miguu kila siku, hakuna kilichohama. Njoo kabla ya mvua za vuli. Nimemaliza.

Hapo alitaka niandike "nimemaliza", sasa anaisema hata akimaliza chai.

Nashipai


Rhotia, 21 Agosti 2024

Mwanangu Nashipai,

Sijui nakuandikia nini. Simu yako ilikatika kabla hujasema kama umeelewa, na tangu hapo nikipiga naambiwa hupatikani. Barua hii itakufikia mambo yakiwa yameshakwisha kwa njia moja au nyingine. Naandika kwa sababu siwezi kukaa na mikono mitupu.

Nilikuwa nimeamua kuja. Nilikuwa nimeulizia basi, na shuka langu jekundu Penina alikuwa ameshalifua, liko kwenye kamba nje mpaka sasa. Ndipo jioni ya leo ukapiga kutoka huko juu ya kilima unahema. Ukungu umeshuka tangu mchana, Supeet hajarudi, amesema kwenye redio, "Niko Maji ya Ndama," kisha redio yake ikaanza ule mlio wa betri kuisha, na kimya. Umewauliza vijana, umewauliza wanawake, umemuuliza Tobiko. Hakuna anayepajua mahali panapoitwa Maji ya Ndama.

Narudia niliyokuambia, iwapo upepo uliyachukua. Kutoka panapolambwa chumvi, shuka na korongo kavu, ukingo uwe mkono wako wa kushoto. Utapita mwamba mweupe wenye mgongo kama wa punda. Hapo usiendelee chini, njia ya wanyama itakuvuta chini, usiifuate. Panda kidogo kuelekea jua linapozama, mpaka kwenye miti miwili ya mtarakwa iliyoota kwenye shina moja. Nyuma yake pana mawe yaliyopangwa nusu duara. Tulipanga mimi na yeye tukiwa wadogo, ili ndama wanywe bila kusukumwa na wakubwa. Maji yanatoka chini ya jiwe la katikati, baridi kiasi cha kuumiza meno.

Nilipokuwa nikikueleza nilifumba macho, nami nilikuwa natembea. Niliona hata kinyonga kwenye tawi. Nilipofumbua nilikuwa kwenye kibaraza changu, na mlangoni Penina ameshika mdomo.

Natumaini atakuwa ameketi katikati ya ng'ombe. Wana joto. Hawaendi popote bila yeye.

Lekoko


Enguserosambu, 30 Agosti 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo, na asante. Baba yuko hapa, anakunywa maziwa, mzima.

Niliyasikia yote mpaka kwenye mawe ya nusu duara, hapo ndipo ulipokatika. Tulikwenda mimi, Tobiko na vijana wanne wenye tochi, nami natamka maneno yako kwa sauti kama sala. Mwamba wa mgongo wa punda tuliupata. Njia ya wanyama ikatuvuta chini kama ulivyosema, tukaikataa. Kisha tukasikia kengele ya ng'ombe wa madoa. Baba alikuwa ameketi, ng'ombe wamemzunguka, wanatoa mvuke. Alisema tumechelewa, na kwamba maji ya hapa bado ni matamu.

Baba Mkubwa, sikutaka kukuandikia hili, lakini umenifundisha kutokosea. Maji hayapo. Jiwe la katikati ni kavu, lina magome na majani makavu, kwa macho ya Tobiko halijapata maji tangu yeye ahamie hapa. Mitarakwa nayo haipo. Tulipata kisiki kimoja kipana, kimeoza, na ndani yake kimeota kichaka. Ningekuwa nimetafuta miti miwili tungelala msituni. Ni mawe na kengele tu vilivyotuonyesha. Baba alikuwa ameweka kiganja juu ya lile jiwe kavu, anasikiliza.

Wazee walikaa siku ya pili yake. Mmoja akasema neno lilikuwa limetoka: amepotea mara ya pili, ng'ombe waondoke. Tobiko, yule yule wa mbuzi kwenye gunia, akasimama akasema, "Hakupotea. Alituambia alipo. Sisi ndio hatukujua pale ni wapi." Walizunguka na neno hilo mpaka alasiri. Ng'ombe wanabaki. Sharti ni kwamba atabeba betri ya akiba, na atatembea na mtu mmoja wa boma.

Lakini tundu limeziba. Alipoamka baada ya usiku ule hakuona mwanga wa mlango. Hakulia. Aliniagiza nikuandikie hivi: "Sasa hakuna wa kuuona uso wako uliozeeka, kwa hiyo huna aibu tena. Njoo tukae pale Maji ya Ndama."

Shuka bado liko kwenye kamba?

Nashipai


Rhotia, 14 Septemba 2024

Mwanangu Nashipai,

Shuka nimelianua, nikalikunja, nikaliweka. Nimechukua siku nyingi kabla ya kukujibu kwa sababu nilitaka kila neno liwe mahali pake.

Niliposoma kwamba maji hayapo, nilitoka nikakaa shambani hadi jua likazama. Sikuhuzunika kama nilivyotarajia. Nilifumba macho kuona kama chemchemi ingekauka na kwangu pia, sasa nikiwa nimeambiwa. Haikukauka. Miti miwili imesimama kwenye shina lake, ndama wanasukumana, Supeet ananirushia maji, na vidole vyake ni vyekundu kwa baridi.

Ninyi mliobaki mmeuona msitu ukibadilika kidogo kidogo, na kila mwaka ulifuta uliotangulia. Ndiyo maana hakuna aliyepajua. Baba yako sasa anatembea kwenye msitu ambao hamuuoni, na siku nyingine atawaambia yuko mahali, nanyi mtatazamana. Msitu huo umebaki kwa watu wawili. Mmoja hana macho. Mwingine ni mimi, na ninao mzima kwa sababu sijaweka mguu hapo tangu nilipouacha. Nikija, nitaona kisiki. Mimi naona vizuri bado, Nashipai. Nitaona kisiki, na kuanzia siku hiyo nitakuwa na kisiki, naye Supeet atabaki peke yake kule anakoishi, na ukungu utakaposhuka tena utanipigia simu nami sitakuwa na la kukuambia.

Usinifanye mwema kuliko nilivyo. Hofu pia imo. Lakini hata ukiiondoa hofu, hesabu inabaki ile ile.

Kwa hiyo tufanye hivi. Kila jina la mahali atakalolitaja kwenye redio, liandike uniletee. Mimi nitakuandikia njia ya kufika, mkono upi, mwamba upi, na wewe utaniambia kilichosimama na kilichoanguka, ili njia iwe ya kweli kwa miguu yenu. Hilo tutalifanya mpaka mmoja wetu amalize. Naye aendelee kuzungumza kwenye redio kama anavyozungumza. Maneno yake niandikie, nitayasoma kwa sauti hapa kibarazani na sitaitikia katikati.

Umsomee barua hii yote, usimpunguzie. Asinisubiri stendi, asiwaulize makonda. Nampenda kuliko nilivyowahi kumwambia. Sitarudi.

Ndugu yake, na baba yako mkubwa,
Lekoko